Kabureta ya Mbele Haipumui

12 Februari

Mpwa wangu Kasuku,

Salamu kwanza, maana nikianza na shida utasema mjomba amezeeka vibaya. Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako, Waziri wa Mambo ya Ndani, hajambo pia, ila ameanza tabia ya kunong'ona. Mwanamke aliyekuwa akiniita kutoka jikoni mpaka jirani anaitika, leo tukiwa mezani namwomba arudie mara tatu, halafu yeye ndiye anayekasirika. Nadhani ni umri. Paka amezaa tena gereji, ndani ya boksi la spana, na sina moyo wa kumhamisha. Kwa hiyo kila nikitaka spana naomba ruhusa.

Mchumba wako tumempokea kwa picha. Ana sura ya mtu anayelipa kodi kabla ya kudaiwa. Mpe salamu zangu.

Sasa maneno. Harusi yako ya Disemba si mbali. Mama yako, dada yangu, Mungu amrehemu, alikwenda kwenye harusi yake ndani ya gari hili, mimi nikiwa kwenye usukani, yeye akiongea njia nzima kama redio. Siku ile ile nilimwahidi kwamba akipata binti, naye nitampeleka mimi, kwa gari hili hili. Wewe ulikuwa hujazaliwa, kwa hiyo hukuulizwa. Habari za kukodi gari jeupe lenye kiyoyozi na maua ya plastiki sitaki kuzisikia.

Gari lenyewe unalijua. Ni la Kiingereza, viti viwili, kijani, spoki kwenye magurudumu, na halina paa isipokuwa lile turubai linalovuja palepale kwenye goti la abiria. Oili nayo inavuja, lakini hiyo ni afya. Gari la Kiingereza lisipovuja ujue oili imekwisha. Waziri bado analiita Mke Mwenza, na kila nikinunua grisi ananiuliza kama mwenzake ameridhika.

Kila kitu kiko tayari isipokuwa jambo moja. Injini hii inavuta hewa kwa kabureta mbili, ya mbele na ya nyuma, na lazima zipumue sawasawa, kama waimbaji wawili wa sauti moja. Watu wasiojua wanatumia mashine kuzisawazisha. Mimi natumia kipande cha mpira wa bustani. Ncha moja naweka mdomoni mwa kabureta, nyingine sikioni, nasikiliza hewa inavyoingia, ssss. Nahamia kwa mwenzake, ssss. Nageuza skrubu mpaka zifanane. Mimi nimefundisha kwaya mpaka nikastaafu, na katika waimbaji sitini nilikuwa namjua asiyefanya mazoezi kabla hajamaliza kufungua mdomo. Kabureta mbili zitanishinda?

Basi ya nyuma inapumua vizuri kabisa. Ya mbele haipumui. Naweka mpira, kimya. Naifungua zaidi na zaidi ndipo naisikia kwa mbali, lakini hapo injini nayo inaanza kutetemeka na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Nitafutie huko uliko sindano na jeti, vile vidude vya ndani vya kupimia petroli, vya kabureta ya mbele. Hapa wauza vipuri wananitazama kama nimeomba kwato za farasi.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba wangu kipenzi,

Shikamoo, wewe na Waziri. Mimi mzima. Baridi ya huku imelegea kidogo, sasa navaa sweta mbili badala ya tatu. Mchumba hajambo, anakusalimu sana, na anashukuru kwa maneno yako ya kodi ingawa bado anajiuliza kama ni sifa. Kazini tumezidiwa. Duka zima limejaa magauni ya harusi, mimi nashona shanga kwenye nguo za wanawake ambao hawajaamua watakonda au la, na kila mmoja anakuja na mama yake, na kila mama ana maoni.

Vipuri nimepata. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye banda nyuma ya kituo cha mafuta, limejaa vyuma vya magari haya mpaka darini. Nilidhani nitaingia, nitalipa, nitatoka. Wapi! Hauzi mpaka akuhoji. Gari lina umri gani? Linalala ndani au linanyeshewa? Limewahi kupakwa rangi isiyo yake? Anayelitunza ana hasira? Mjomba, nilijibu kama ninayeposa binti yake. Lile swali la hasira nilidanganya. Lakini nilipomwambia unasawazisha kabureta kwa mpira wa bustani, alivua kofia. Alifunga vipuri vyako kwenye gazeti taratibu, akanionyesha picha za magari ya wateja alizobandika ukutani, akataka na ya kwako. Picha ya mke wake sikuiona.

Halafu habari kubwa: nimepata leseni ya udereva! Niliirudia mara mbili lakini hilo si lazima Waziri alijue. Kwa hiyo jiandae, ipo siku utaniachia usukani.

Za harusi zipo, nitakuandikia vizuri nikitulia.

Na mbona simu hupokei? Nilipiga Jumapili iliyopita, na ile ya kabla yake.

Kasuku wako

11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Vipuri vimefika salama, na gazeti nimelisoma lote pia. Waziri amekaa hapa kulia kwangu ninavyoandika, anakusalimu, na nakuapia ndiyo mara ya kwanza wiki hii amesema kitu nikakielewa. Watoto wa paka wamefumbua macho.

Simu usinisumbue nayo. Watu wa siku hizi kwenye simu wanaongea kama wana pamba mdomoni. Barua haina chenga.

Jirani naye ameleta jogoo mwenye akili za ajabu. Nikilalia ubavu wa kushoto anawika mpaka kitanda kinatikisika. Nikigeukia wa kulia, kimya, kama amechinjwa. Nikirudi kushoto, huyo tena! Nimemweleza Waziri, akanitazama tu, akarudi kulala.

Sindano na jeti nimefunga. Hakuna mabadiliko. Ya nyuma inaimba, ya mbele kimya.

Chama chetu cha Wapenzi wa Magari ya Kale kimekutana. Tuko wanachama wanne na vyeo vitano, kwa hiyo mimi ni Katibu na vilevile Mjumbe. Mwenyekiti ni yule daktari wa meno. Katiba inasema kila mwanachama aje na gari lake, ila haikusema lije vipi. La Mwenyekiti lilikuja juu ya lori, limefunikwa shuka. La Mhazini lilivutwa kwa kamba. La Makamu lilisukumwa na mashemeji zake, na mmoja wao alisema kwa sauti kwamba dada yao mwingine ameolewa na mtu wa baiskeli na wanaishi vizuri tu. La kwangu peke yake ndilo lililokuja kwa miguu yake, likikohoa. Tukafungua maboneti yote, tukaweka mikono nyuma, tukatazama kwa muda mrefu. Huo ndio mkutano wenyewe.

Mwenyekiti akataka kutuonyesha redio mpya aliyoifunga kwa mkono wake. Sasa magari haya umeme wake umekaa kinyume na mengine, waya wa chanya ndio unaofungwa kwenye bodi. Yeye anajua, maana mwezi uliopita alituhutubia juu ya hilo hilo mpaka chai ikapoa. Akawasha. Redio ilitoa neno moja la taarifa ya habari, kisha moshi. Mtu tunayemfungulia vinywa vyetu! Nilicheka, naye aliniona. Ndiyo maana alikuja kwenye gari langu, akainama juu ya injini inayotetemeka, akasema, "Mwalimu, vipi, sikio limechoka?"

Mimi! Aniambie mimi habari ya sikio! Nilifunga boneti, na kama asingetoa pua yake haraka angejitibu mwenyewe.

Nitafutie springi na gasketi, za hiyo hiyo ya mbele. Gauni ni la rangi gani? Nataka kushona viti upya vifanane nalo. Mchumba msalimie. Na usukani hauachiwi mtu. Hata Waziri hajawahi kuugusa, na huyo nimemuoa.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, ni kazi tu. Mimi mzima. Joto limeingia, watu wa huku wamevua karibu kila kitu wakajilaza bustanini kama nguo zilizoanikwa. Nimehama, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Ni chumba kidogo juu ya duka la viatu. Dirisha linatazama ukuta, lakini ni kizuri sana, kina sinki lake chenyewe.

Harusi tumeisogeza mbele kidogo. Mambo ya ukumbi na likizo, unajua. Viti usivishone kwanza.

Mzee wa vipuri amekataa kuniuzia springi. Amesema vyuma vyake si peremende za kugawa. Anasema kabureta hizo ni mapacha, hakuna iliyozaliwa ya mbele wala ya nyuma, kwa hiyo zibadilishe nafasi. Iliyoko mbele ifunge nyuma, iliyoko nyuma ifunge mbele. Ile mbovu ikiendelea kunyamaza huko nyuma, basi kweli ni mgonjwa, na atakuuzia nyingine nzima. Alitaka kukuandikia mwenyewe lakini mkono wake umejaa oili siku zote, karatasi haisomeki.

Jogoo mwambie jirani amhamishe. Waziri mbusu kwa niaba yangu. Kama hutaki mshike mkono tu.

Kasuku wako

21 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Waziri nimemshika mkono, akaniuliza nimevunja nini.

Nilifanya alivyosema huyo mzee wako. Siku nzima nimeinama, kiuno kimekataa kurudi. Na sasa kaa chini usikie: ugonjwa umehama! Ile iliyokuwa nzima kule nyuma, nilipoifunga mbele, ikanyamaza. Ile iliyokufa mbele, nilipoifunga nyuma, ikafufuka, inavuma kama upepo chini ya mlango. Ningekuwa mtu wa kuamini uchawi ningejua pa kwenda. Lakini mimi ni mtu wa elimu, kwa hiyo nimefikiri, na nimegundua kwamba gari hili upande wa mbele halipati hewa. Nimechukua feni ya Waziri ya sebuleni nikaifunga mbele ya rejeta kwa waya. Kwa hiyo sebuleni sasa kuna joto na siongeleshwi.

Halafu yakaja maonyesho ya Chama, kwenye kiwanja cha shule, mbele ya watu, na mgeni rasmi aliyevaa suti nyeupe. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeifungua kabureta ya mbele mpaka mwisho ili angalau isikike. Nikawasha. Kasuku, gari liliunguruma kama linataka kunipiga. Likatetemeka mpaka feni ikaruka, bomba la moshi likadondoka, na moshi wote mweusi ukaenda moja kwa moja kwa mgeni rasmi. Watoto wa shule walipiga makofi, walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Kombe la Gari Lililotunzwa Vizuri akapewa Mwenyekiti, ambaye la kwake halijawahi kuwashwa tangu tuanzishe Chama. Aliliteremsha kutoka kwenye lori, akalipokelea kombe, akalipandisha tena.

Alinifuata akanishika bega, akasema, "Mwalimu, harusi ya mpwa wako usihangaike. Nitawaazima langu. Na lori pia lipo."

Nilikuwa na majibu mengi mno yakagombana mlangoni.

Jana Waziri aliniuliza kwa upole, nami nikamsikia vizuri sana, kama si afadhali tukodi gari. Nilikwenda kukaa ndani ya Mke Mwenza, mikono kwenye usukani, nikalia kidogo. Nakwambia wewe tu. Nilimwahidi dada yangu. Nimekulea, nimekufunza noti za muziki, nimekusindikiza ulipoondoka, limebaki hili moja, na hili moja linanishinda kwa sababu ya kitu kisichozidi ngumi yangu. Mwambie mzee aniuzie kabureta nzima, mpya, ya mbele. Nitauza hata vinanda.

Mchumba msalimie. Safari hii hukusema kama hajambo.

Mjomba wako

15 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, na salamu kwa Waziri. Mimi mzima. Leo salamu zitaishia hapo, maana nina jambo, na nikilizungusha nitaliacha.

Barua yako ilinichekesha mpaka mwenye duka la viatu akagonga dari yake. Kisha nilifika pale ulipokaa ndani ya gari, sikucheka tena. Nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani, nikazisoma kama nilivyokuwa nakusoma wewe usoni nilipokuwa mdogo.

Nikakumbuka unavyosimama. Unasimama ubavuni mwa gari umeelekea injini, kabureta ya mbele iko kushoto kwako, ya nyuma kulia kwako. Ukisikiliza ya mbele, mpira unaushika kwa mkono wa kushoto, unauweka sikio la kushoto. Ukihamia ya nyuma, mkono wa kulia, sikio la kulia. Hujawahi kufanya vingine. Nilikuwa nakaa juu ya ndoo nakuangalia, naweza kukuchora.

Sasa tazama. Jogoo anawika pale tu unapolilalia sikio la kushoto. Ukilalia la kulia, amechinjwa. Waziri akikaa kulia kwako anaeleweka, akikaa kwingine ananong'ona. Simu, nakumbuka, unaishika kushoto. Na kabureta yoyote duniani ukiifunga mbele inakufa, ukiirudisha nyuma inafufuka.

Mjomba, usinichukie. Kabureta ni nzima, na ilikuwa nzima tangu Februari. Mpira wa ile ya mbele uweke kwenye sikio la kulia. Ufanye mara moja tu, mlango ukiwa umefungwa kama unataka, kisha uniandikie.

Najua sikio lako ni nini kwako. Nimekaa na kalamu hii siku kadhaa kabla ya kuandika.

Lile ulilouliza mwishoni nitakujibu siku nyingine.

Kasuku wako

10 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Hujaniandikia. Posta nimeuliza, wanasema hakuna kilichopotea. Naomba Waziri aniandikie neno moja kwamba mko wazima.

Kama umekasirika, niandikie hasira hizo hizo. Nimezizoea, na kwa sasa nazihitaji kuliko unavyojua.

Mimi mzima.

Kasuku

28 Septemba

Kasuku,

Marahaba, ya barua zote mbili. Tu wazima. Watoto wa paka wamegawiwa, boksi la spana limerudi mikononi mwa wananchi. Sikuwa mgonjwa. Nilikununia.

Barua yako ya Julai niliikunja nikaiweka chini ya boksi, chini ya paka, ili nisiione. Nikasema, yaani huyu mtoto niliyemfunza kutofautisha sauti, leo ananiita kiziwi kwa ushahidi wa jogoo! Nilitembea nyumba nzima nikikujibu kwa sauti. Waziri akaja akasimama mbele yangu akaniambia polepole kwamba amenisikia, na jirani amenisikia, na kwamba umesema kweli, na kwamba yeye anajua tangu mwaka jana ila hakujua namna ya kuniambia. Basi nikamnunia na yeye. Sikuingia gereji wiki nyingi. Nilimwacha Mke Mwenza avujishe oili yake peke yake.

Wiki iliyopita Waziri alikwenda sokoni. Nikafunga mlango, kama ulivyosema. Nikawasha injini. Nikaweka mpira kwenye kabureta ya mbele, nikajipinda kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati, nikauweka sikio la kulia.

Mama yangu! Ilikuwa inapiga kelele, Kasuku. Haipumui? Ilikuwa inavuta hewa kama mtu anayezama. Miezi yote hiyo nimeifungua kupita kiasi, nimeitukana, nimeihamisha, nimeipigia feni, nayo inapaza sauti kwa nguvu zake zote na mimi nasema iko kimya. Nikairudisha taratibu, robo ya mzunguko, robo nyingine, nikihama huku na huku na sikio langu moja, mpaka zikawa ssss moja. Injini ikatulia. Nikaweka glasi ya maji juu yake, maji hayakutikisika. Nikakaa juu ya ndoo yako nikalia, na safari hii si kidogo.

Hospitali nimekwenda, Waziri akinishika mkono kama wa chekechea. La kushoto limekwenda na halirudi. La kulia lipo. Sitakudanganya, nimeumia. Nasikiliza kwaya redioni na nusu yao wamekaa nyumbani. Waziri nimemwomba radhi kwa habari ya kunong'ona, nikamwomba kwa moyo wote, akaniambia nisipige kelele. Feni imerudi sebuleni.

Mwenyekiti nilimpita jana barabarani. Yeye alikuwa kwenye lori, na gari lake nyuma chini ya shuka. Nikapunguza mwendo makusudi ili asikie injini. Akatoa kichwa, akauliza nimefanya nini. Nikamwambia kulikuwa na kipuri kimoja kibovu, nimeacha kukitumia. Bado anatafuta ni kipi.

Sasa wewe.

Umesikia nisichosema, basi nami acha nisome usichoandika. Machi, mchumba anasalimu sana. Juni hayumo. Julai nimeuliza, nikaambiwa siku nyingine. Katikati hapo umehamia chumba kinachotazama ukuta na unasifia sinki. Mtu anayekwenda kuolewa hasifii sinki, mpwa wangu. Huyo bwana ameondoka, na wewe umekaa huko unashona magauni ya wenzako na kuniandikia mimi mzima, mimi mzima, kwa sababu unaogopa kunivunjia ahadi. Nimekosea? Kama nimekosea, nitukane, nina sikio moja la kupokelea.

Sasa nisikilize vizuri. Nilimwahidi mama yako kwamba nitakupakia wewe. Bwana harusi hakuwamo kwenye ahadi. Na hata angekuwamo, angekaa wapi? Gari lina viti viwili.

Njoo Disemba hiyo hiyo. Harusi isiwepo, ukumbi usiwepo, uje wewe na sweta zako. Nitakusubiri nje ya lango la uwanja wa ndege, gari limeoshwa, turubai limefunguliwa kama mvua ikiturehemu. Nimefikiria safari yote kutoka pale mpaka nyumbani na kuna tatizo moja tu. Gari hili usukani wake uko kulia, kwa hiyo abiria anakaa kushoto kwa dereva. Mama yako alikaa hapo, akaongea njia nzima, na sikukosa hata neno. Wewe ukikaa hapo utakuwa unaongea na sikio lililokufa, na najua una mengi, hayajatoka tangu Juni.

Kwa hiyo nitakaa kushoto mimi, pale panapovuja. Wewe utaendesha. Ufunguo nimeshautoa kwenye mnyororo wangu, uko kwenye sahani ya mlangoni, na Waziri kila akipita anausimamia kama hauamini.

Klachi iachie taratibu, gia ya pili ina kiburi, na usikimbie. Njia si ndefu, na mimi nataka kusikia yote.

Mjomba wako